Kasi tatu tofauti kwa nyota moja: je, ina mwenza?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nafuatilia nyota moja ya mag 8.4 (kipimo cha mwangaza), aina ya G kama Jua letu, paralaksi yake (kipimo cha umbali) milisekunde 5 za tao. Katalogi ya mwaka 1953 inasema kasi yake ni −2.1 km/s, kosa 1.5. Sensa ya spektra ya miaka ya 2000 inatoa −14.2, kosa 1.2. DR3, toleo la tatu la data za chombo cha angani cha Gaia, inatoa −8.6, kosa 1.9, mipito 18, na RUWE (alama ya jinsi nafasi za nyota zinavyolingana na nyota iliyo peke yake) ni 1.05. Rafiki yangu anasema Gaia imepima vibaya kwa sababu kosa ni kubwa mno kwa nyota angavu hivyo, na kwamba RUWE iliyo chini ya 1.4 ni uthibitisho kuwa nyota haina mwenza. Mimi nahisi kuna kitu kisichoonekana kinachoizungusha, pengine hata shimo jeusi. Nina darubini ya sentimita 25 na naweza kuazima spektrografu. Nianzie wapi?"*

Ndani ya swali lako kuna maswali mawili, na ni vizuri tuyatenganishe mapema. La kwanza: je, kasi ya nyota hii inabadilika kweli, au ni katalogi tu hazielewani? La pili: kama inabadilika, ni mwenza anayeivuta au ni kitu kingine? La kwanza naweza kulijibu karibu bila wasiwasi kwa namba ulizoleta: inabadilika. La pili nalo linaelekea ndiyo, ila huyo mwenza si shimo jeusi. Rafiki yako amekosea mara mbili, na makosa yake ni ya kawaida sana, kwa hiyo tuanze nayo.

Kasi ya Gaia si kipimo kimoja. Kila nyota inapopita mbele ya vioo vya chombo, spektrografu yake huchukua spektra fupi (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) kati ya nanomita 845 na 872, sehemu yenye mistari mitatu minene ya kalisi. Mistari ikisogea upande wa nyekundu, nyota inatukimbia. Ikisogea upande wa buluu, inatujia. Kilomita 10 kwa sekunde husogeza mstari kwa nanomita 0.028 tu, kwa hiyo kazi yenyewe ni ya kupima visogeo vidogo mno. Kwa nyota angavu, Gaia ilipima kasi ya kila mpito peke yake, ikachukua thamani ya katikati, halafu ikahesabu "kosa" kutokana na jinsi vipimo hivyo vilivyotawanyika. Maana yake kosa la 1.9 halisemi kwamba chombo kilishindwa kuona vizuri. Linasema vipimo 18 vilikuwa mbalimbali.

Unaweza kurudi nyuma na kupata mtawanyiko wenyewe. Kosa lililochapishwa ni mtawanyiko mara mzizi wa π/2N, ambapo N ni idadi ya mipito, kisha kinaongezwa kiasi kidogo cha 0.113 km/s ambacho hapa tunaweza kukiacha. Geuza hesabu: 1.9 × √(2 × 18/π) = 1.9 × 3.39, unapata 6.4 km/s. Nyota tulivu ya mag 8.4 yenye mistari myembamba ingetawanyika kwa kilomita 1 kwa sekunde au pungufu kila mpito. Yako imetawanyika zaidi ya mara sita ya hapo. Ikiwa mwendo ni wa obiti ya duara, nusu-upeo wa kasi, ambao wataalamu huuita K, ni mtawanyiko huo mara 1.41, yaani kama 9 km/s. Kwa hiyo nyota inapanda na kushuka kwa takriban 18 km/s kati ya ncha na ncha.

Usiishie kwenye hesabu hiyo ya mkono. Fungua jedwali la gaia_source na usome safu nne: rv_nb_transits, rv_chisq_pvalue, rv_renormalised_gof na rv_amplitude_robust. Kigezo kinachotumika kuiita nyota yenye kasi badilifu ni mipito 10 au zaidi, p isiyozidi 0.01, na gof zaidi ya 4, na kinafaa kwa nyota ambazo joto la kiolezo chake (spektra ya mfano inayolinganishwa na nyota) liko kati ya kelvini 3,900 na 8,000. Yako, ikiwa ni G, imo. Safu ya mwisho inapaswa kukupa upeo usio mbali na hizo 18. Ukikuta 2 au 3, basi kuna namba umeinakili vibaya, au umeoanisha nyota na jirani yake. Hilo la pili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali: mahali pa Gaia DR3 ni pa mwaka 2016.0, wakati katalogi nyingi hutumia 2000, na nyota yenye mwendo wa haraka angani huwa imeshahama. Oanisha baada ya kurudisha mahali kwenye mwaka mmoja.

Sasa zile katalogi mbili nyingine. Ile ya 1953 ni ya mabamba ya picha, na katika kazi za zama zile kosa liliandikwa mara nyingi kama "kosa la uwezekano", yaani nusu ya vipimo vinaanguka ndani yake. Ili ulinganishe na makosa ya leo, lizidishe kwa 1.48. Kosa lako la 1.5 linakuwa 2.2. Kisha kila katalogi ina sifuri yake, yaani mahali inapoanzia kuhesabu kasi. Kasi za LAMOST, sensa ya spektra ya China, kwa mfano, zinajulikana kuwa chini ya za wengine kwa kilomita 4 hadi 5 kwa sekunde, na mtu asiyejua hilo anaweza "kugundua" maelfu ya nyota pacha kwa jioni moja. Ukiweka 1 km/s ya tahadhari kwa tofauti za sifuri, tofauti kati ya −2.1 na −14.2 ni 12.1, na kosa la pamoja ni √(2.2² + 1.2² + 1²) = 2.7. Uwiano ni 4.5. Tofauti hiyo peke yake ningeiamini nusu nusu. Pamoja na mtawanyiko wa Gaia, ambao umetoka kwenye chombo kimoja chenye sifuri moja, naiamini.

Kabla hatujafika kwenye RUWE, kuna jambo kwenye swali lako ambalo limekupita. Unasema nyota ni "kama Jua letu". Paralaksi ya milisekunde 5 ni parseki 200, kama miaka 650 ya nuru. Nyota ya mag 8.4 katika umbali huo ina mag halisi ya 1.9, na Jua lina 4.8; namba ikiwa ndogo, mwangaza ni mkubwa zaidi. Nyota yako inang'aa mara 15 hivi kuliko Jua! Aina ya G ni rangi yake, si ukubwa wake. Hii ni nyota iliyokwisha kuanza kuvimba, yenye nusu-kipenyo cha kama mara 5 ya Jua ikiwa joto lake liko karibu na kelvini 5,000, na uzito ambao kwa makadirio tuuweke Jua 1.5. Jambo hili linatusaidia sana. Mwenza hawezi kuzunguka ndani ya nyota, kwa hiyo vipindi vya mzunguko vya chini ya siku mbili tatu vinatoka kwenye orodha moja kwa moja.

RUWE inatufungia upande wa pili. Inapima jinsi nafasi za nyota angani zinavyokubaliana na mwendo wa nyota iliyo peke yake: karibu na 1 ni kukubaliana, juu ya 1.4 ni shaka. Lakini kinachopimwa ni kuyumba kwa nyota angani, na kuyumba huko kunategemea kipindi na umbali. Nusu-kipenyo cha obiti ya nyota yako, kama kinavyoonekana kwenye kasi, ni K × P / 2π. Kwa K ya 9 km/s na kipindi cha siku 40, ni kilomita milioni 5, yaani 0.033 ya umbali wa Dunia na Jua. Kutoka parseki 200 hiyo ni milisekunde 0.17 za tao, kiwango ambacho karibu kinamezwa na kosa la kipimo kimoja cha Gaia. RUWE haiwezi kushtuka. Kipindi kingekuwa siku 1,000, kuyumba kungefika milisekunde 4 na RUWE ingeruka juu. Kwa hiyo 1.05 haisemi "hana mwenza". Inasema "kama yupo, yuko karibu". Kuna hali moja tu ya kujihadhari: nyota mbili zenye mwangaza sawasawa, ambapo kitovu cha mwanga hakitikisiki hata zikizungukana kwa nguvu. Hizo hujifichua kwenye spektra, kama tutakavyoona.

Tumebaki na dirisha la vipindi vya siku chache hadi miezi miwili au mitatu. Ndani ya dirisha hilo, hebu tujaribu dhana ya shimo jeusi.

Kutoka K na P unapata kile kinachoitwa fungu la uzito: 1.036 × 10⁻⁷ × K³ × P, kwa km/s na siku, obiti ikiwa duara. Kwa 9 na 40 ni 0.0030 ya uzito wa Jua. Nyota ikiwa na Jua 1.5 na obiti tukiitazama kwa ubavu, mwenza ana uzito wa Jua 0.21: kibete chekundu cha kawaida kabisa, ambacho mwanga wake hauonekani mbele ya jitu la njano. Obiti ikiinama hadi digrii 30, anakuwa 0.45. Ili awe shimo jeusi la Jua 5, obiti ingebidi itazamwe karibu kutoka juu, mwinamo usiozidi digrii 6, na kwa mielekeo ya kubahatisha hilo hutokea mara moja katika mia mbili. Unaweza kusema moja katika mia mbili si haba. Lakini angalia kinachofuata: mwinamo ukiwa mdogo hivyo, obiti halisi ya nyota ni kubwa mara 10 kuliko ile tuliyoihesabu, na kuyumba kungekuwa milisekunde 1.6 za tao. RUWE ya 1.05 isingekuwepo. Ile namba ambayo rafiki yako aliitumia vibaya ndiyo inayokunyima shimo jeusi.

Mwinamo ni mtego ambao umewanasa hata waliobobea. Nyota HD 114762 ilitangazwa mwaka 1989 kuwa na mwenza wa kipindi cha siku 84 na uzito wa chini wa Jupiter 11 hivi, na kwa miaka mingi ilihesabiwa miongoni mwa sayari zinazowezekana. Vipimo vya Gaia vilionyesha kuwa obiti inatazamwa karibu kutoka juu, na mwenza ni kibete chekundu. Kichekesho ni kwamba nyota hiyo ilikuwa imependekezwa iwe kipimo cha kusawazishia kasi za wengine.

Kuna pia visababishi visivyo mwenza. Nyota zinazopwita, kama Cepheid na RR Lyrae, hubadilisha kasi kwa makumi ya kilomita, ila mwangaza wake nao hupanda na kushuka waziwazi. Majitu makubwa mekundu hutetemeka kwa kilomita 1 au zaidi. Yako bado ni dogo mno kwa hilo. Madoa juu ya nyota inayozunguka haraka hupindisha mistari. Hili ndilo la kuangaliwa hapa, kwa sababu mwenza wa karibu huilazimisha nyota izunguke sambamba na obiti. Ikiwa kipindi ni siku 10, nyota ya ukubwa huo itazunguka kwa 25 km/s na mistari itapanuka. Tazama safu ya vbroad ikiwa imejazwa. Tafuta pia data za mwangaza za TESS, chombo cha angani cha NASA. Ukiona mawimbi ya asilimia kadhaa yenye kipindi thabiti, una dalili nzuri ya kipindi cha obiti bila hata kufungua spektrografu. Ila pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao, kwa hiyo hakikisha mawimbi hayo si ya jirani.

Tazama mapema pia kama Gaia imeshatatua obiti yenyewe, kwenye jedwali la nss_two_body_orbit, na kama nyota imo katika SB9, katalogi ya obiti za spektra. Suluhisho la Gaia likiwepo, usilimeze zima zima. Vipindi vya chini ya siku moja na nusu hivi mara nyingi ni vya uongo, na vilivyo karibu na siku 63 au nusu yake vinaweza kutokana na jinsi chombo kilivyokuwa kikiyumbisha mhimili wake.

Sasa darubini yako. Swali la kwanza kwa mwenye spektrografu ni uwezo wake wa kupambanua. Ukiwa 1,000, hatua moja ni 300 km/s, na hata ukipima katikati ya mstari kwa ustadi huwezi kushuka sana chini ya kilomita 10. Hiyo haikufai. Ukiwa 10,000, hatua ni 30 km/s, na kwa kulinganisha mistari mingi kwa pamoja unapata kilomita 1 hadi 1.5. Hiyo inatosha kabisa kwa upeo wa 18. Kwa mag 8.4 na kioo cha sentimita 25, panga picha tatu za dakika 20. Kati ya picha na picha, na mwanzoni na mwishoni, piga taa ya thoriamu na argoni, ambayo mahali pa mistari yake panajulikana. Usipige mara moja tu jioni: chuma hupoa usiku, spektrografu hujikunja kidogo, na nusu digrii ya joto inaweza kukuletea kasi ya uongo ya kilomita kadhaa. Kila usiku pima pia nyota moja ambayo kasi yake imethibitishwa kuwa thabiti. Hiyo ikicheza kwa kilomita 3, basi usiku ule wote una kosa la kilomita 3, haijalishi programu imekuandikia nini.

Makosa matatu ndiyo hula data za wanaoanza. La kwanza ni mwendo wa Dunia. Tunakwenda kwa karibu 30 km/s kuzunguka Jua, kwa hiyo kila kipimo lazima kirudishwe kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua, kwa wakati wa katikati ya picha. Ukikosea alama ya kujumlisha na kutoa, au programu ikisahihisha halafu nawe ukasahihisha tena, utapata "mwenza" mzuri sana mwenye kipindi cha mwaka mmoja. La pili ni urefu wa wimbi katika hewa na katika ombwe: ukichanganya orodha hizo mbili unapata kisogeo cha kama 83 km/s. Likikutokea utaliona, maana ni kubwa mno. La tatu ni baya zaidi kwa sababu hukaa kimya: kutumia kiolezo cha spektra kisichofanana na nyota. Tumia kiolezo kimoja tu, cha G iliyovimba, kwa usiku zote.

Kuhusu ratiba, usipime kila usiku saa ileile kwa wiki mbili. Ukipima mara moja kwa siku, kipindi cha siku 1.03 na cha siku 34 vinaonekana sawa kabisa. Kwako tumeshakitupa cha kwanza kwa sababu ya ukubwa wa nyota, lakini jozi kama hizo zipo nyingi. Panga usiku wa 1, 2, 4, 7, 12, 20, 33 na 54, na katika usiku mmoja au miwili pima mara mbili kwa kuachanisha saa tano. Vipimo vinane vitakupa fununu. Kumi na tano vilivyotawanyika vizuri kwenye mzunguko vitakupa obiti. Chora kasi dhidi ya awamu (sehemu ya mzunguko), na kabla ya kutangaza kipindi, jaribu vilele vitatu vya juu vya periodogramu (grafu ya vipindi vinavyowezekana), si kimoja. Ikiwa obiti inatoka na uduaradufu (kiasi inavyokosa kuwa duara) wa 0.05 na kosa la 0.03, andika duara. Uduaradufu uanze kuaminika unapozidi mara 2.45 ya kosa lake.

Tazama pia umbo la kilele unapolinganisha spektra na kiolezo. Kilele kimoja chembamba kinachotembea ni nyota moja inayovutwa. Vilele viwili vinavyokimbiliana na kuachana ni nyota mbili zinazoonekana zote. Hapo kila nilichohesabu juu kuhusu K kinafutika, kwa sababu kasi ya Gaia ilikuwa mchanganyiko wa mbili na upeo halisi ni mkubwa zaidi. Kilele kinachonenepa na kukonda bila kutengana ni hali ileile, ila kifaa chako hakipambanui vya kutosha.

Hapo ndipo pa kumtafuta mtu mkakaa naye mezani. Vivyo hivyo ikiwa upeo unatoka chini ya kilomita 3, au fungu la uzito linatoka zaidi ya 1 bila mwanga wa pili: usiandike chochote hadharani kabla mtaalamu wa spektra wa idara ya astronomia ya chuo kikuu hajaziona picha ghafi. Mpelekee picha za taa, za nyota ya kipimo na kumbukumbu za saa, si jedwali la kasi peke yake; kwa jedwali tu hawezi kukusaidia.

Vile vipimo 18 vya Gaia, kimoja kimoja pamoja na tarehe zake, havikuchapishwa katika DR3 kwa nyota kama yako. DR4, toleo linalofuata, imepangwa Desemba 2026 na ndiyo itakayovitoa. Ukianza kupima sasa, utakuwa na kipindi chako mkononi siku hiyo, na utaweza kukijaribu kwenye data za tangu 2014 ambazo hukuzigusa.